Kipa Alipona Nyumbani Kwangu, Mama Yangu Akazikwa

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimeolewa, naishi Tabora mjini na nauza chakula karibu na stesheni ya reli. Mpira naupenda tangu usichana, ugonjwa niliourithi kwa marehemu mama yangu. Timu yetu ya hapa ilipopanda daraja, mimi na yeye hatukukosa mechi ya nyumbani. Walipocheza Shinyanga tulipanda basi la alfajiri, tukapita Nzega tunaimba mpaka dereva akatuomba tupumzike. Timu yenyewe sitaitaja, msinisumbue kwenye komenti.

Msimu ule wa korona ligi ikasimamishwa katikati, wachezaji wakaambiwa warudi makwao. Kipa wetu kwao ni kusini, mbali, akabaki peke yake kwenye nyumba ya kambi, chakula anakula kwangu. Siku moja hakuja. Nikamfuata, nikamkuta kwenye godoro anahema kama mtu aliyekimbizwa, mwili moto. Nikampigia mwenyekiti wa timu. Akanijibu, "Mama, ugonjwa huo unajulikana. Mwache hapo hapo, tutatuma mtu." Hakuna mtu aliyetumwa. Nikapiga tena, hakupokea. Nikampeleka zahanati mwenyewe, wakampa dawa, wakasema atafutiwe mtu wa kumwangalia.

Nilipomweleza mama, ambaye tulikuwa tunaishi naye, hata hakufikiri. "Mlete hapa. Kwani yeye si mtoto wa mtu?"

Tukamweka chumba cha uani. Mama ndiye aliyemfukiza nyungu ya mwarobaini na malimao, ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Asubuhi anamsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu," mpaka kijana akazoea kuitikia. Majirani wakaanza kupita upande wa pili wa njia, wateja wakanikimbia. Sikujali. Kijana akapona.

Kisha mama akaanguka. Kikohozi, pumzi zikambana, tukamkimbiza hospitali, akafia huko. Kama ilikuwa korona au kitu kingine hatukuambiwa, na mimi sitasema nisichokijua. Tulimzika kwao Kigwa, watu walikuwa wachache, hata wabeba jeneza tuliwatafuta. Kipa alikuja, akashika jembe akachimba kaburi huku analia. Kutoka uongozi wa timu hakuja mtu, hata meseji ya pole hatukuiona. Na kaka yangu anayeishi Kaliua, kifungua mimba wa mama, akanigeukia pale pale makaburini mbele ya watu: "Umemuua mama kwa ajili ya mpira." Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Ligi ikarudi, mechi zikawa za kubanana. Mechi ya mwisho tulikuwa tunashuka daraja, kipa akapangua penalti, tukabaki. Nilikuwa jikoni nasikiliza redio, machozi yananitoka, nasema laiti mama angesikia. Mtangazaji akamuuliza mwenyekiti siri ya ushindi. Jamani! Yule baba akasema, "Kijana huyu aliugua sana, tukamtunza wenyewe kambini kama mtoto wetu. Hatukumwacha hata kidogo." Nikatulia, nikasema ngoja kipa mwenyewe aongee. Akapewa kipaza sauti. "Namshukuru Mungu na uongozi wangu." Basi. Mtu aliyemchimbia mama yangu kaburi!

Kesho yake wateja wakaanza kunicheka, "Mama, si ulisema alikuwa kwako?" Wengine wakanitungia mengine ya aibu kati yangu na yule kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Yeye akahamia timu kubwa Dar. Kimya. Miaka imepita.

Wiki iliyopita nimeinua kichwa kutoka kwenye sufuria, amesimama mbele yangu, anachechemea. "Shikamoo mama." Sikuitikia. Akapiga magoti kwenye vumbi, watu wanaangalia.

"Niliogopa, mama. Mwenyekiti aliniambia nikitaja nyumba yako hataniruhusu kuhama."

"Mama yangu alikulisha kwa kijiko," nikamwambia, "wewe ukameza mpaka jina lake."

Akalia. Akasema goti limekwisha, anaacha mpira, na timu yetu inamwandalia mechi ya kumuaga hapa hapa Tabora. Anataka nisimame naye katikati ya uwanja, amtaje mama kwa jina lake, aseme kila kitu.

Nikamuuliza, "Mwenyekiti anajua utakachosema?"

Akainamisha kichwa. "Anajua unakuja kupokea shukrani za timu. Amesema atakuvisha jezi yeye mwenyewe."

Ndiyo, ni yule yule. Bado ni mwenyekiti. Anivishe jezi! Mkono uliokataa kupokea simu uje unishike bega nipigwe picha!

Mume wangu anasema niende, dunia ijue. Nikajikaza nikampigia kaka, nikidhani atafurahi kwamba mama atatajwa. Akasema, "Ukionekana unacheka na watu wale, mimi si ndugu yako tena," akakata. Mimi nataka jina la mama lisikike kwenye vile vipaza sauti, lisikike mpaka sokoni. Lakini huyu kijana alishawahi kupewa kipaza sauti mara moja, na nilisikia alichosema. Akiogopa tena je? Nitabaki nimesimama pale na jezi ya uongo mwilini, na kaka nimempoteza moja kwa moja.

Mechi ni Jumamosi hii. Ndugu zangu, nawasomeni wote, hata wa kunitukana. Niende uwanjani nimwamini mtu aliyeninyamazia, au nisiende, na ule uongo ubaki ndiyo ukweli wa Tabora nzima? Ila tafadhali, asitokee mtu wa kuniambia nisamehe. Hilo sijawauliza.