Birika Upande wa Chanya

Kwa miaka kumi na mmoja fundi mmoja wa kike alipaka vyombo nikeli kwa umeme kwenye karakana ya mume wa dada yake, na miaka yote hiyo alimdharau shemeji huyo kwa moyo wake wote. Mtu mwenyewe alijiita Injinia. Uinjinia gani? Kalamu tatu mfukoni na kitambi! Kazi yote aliifanya huyu mwanamke, aliyejisomea kemia kwenye kitabu chakavu mpaka ikamkaa kichwani.

Siku moja mama yao alileta birika la shaba, kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe.

"Mwanangu, lipake ling'ae. Lakini unitunzie."

Injinia akajitia kimbelembele. "La mama mkwe nalifunga mwenyewe!"

Mashine ya umeme ilikuwa mpya. Ya zamani ilikuwa na chanya kushoto, hii kulia. Bwana mkubwa hakutazama hata alama, akafunga waya kwa mazoea, akalizamisha birika kwenye beseni la maji ya nikeli.

"Shemeji, umegeuza," fundi alimwambia. "Chombo kinakaa hasi. Ukikiweka chanya, kila atomu ya shaba inaacha elektroni zake mbili kwenye waya, inakuwa ioni chanya, inaingia majini. Birika litaliwa."

"Bosi hapa ni nani, mimi au kitabu chako?"

Injinia akawasha umeme. Swichi ilikuwa karibu na mkono wa fundi. Hakuizima. Acha aumbuke mbele ya mkwewe, alijisemea, leo atakosa pa kuficha uso. Birika litachubuka kidogo tu, nitalisugua na kulipaka upya. Akajimiminia chai, akakaa kuyatazama maji ya kijani, na raha aliyoisikia hata haisemeki.

Kumbe kitako cha birika kilishalika kikawa chembamba kwa miaka ya moto. Walipolitoa, lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Bamba la nikeli lililokuwa upande wa pili wa beseni lilikuwa limeshika wekundu wa shaba.

Mama alipokuja, Injinia alilowa jasho. "Mama, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Mama hakuhangaika naye. "Huyu hajui kitu, namjua siku zote." Akamgeukia binti yake. "Wewe je? Ulijua?"

Uongo ulimjia mpaka ncha ya ulimi, ukakwama hapo.

"Nilijua, mama."

Mama akalichukua birika lake bovu, akatoka bila kumuaga.