Ukimya wa Papa Soseti

Enzi zetu pale mtaani Cimpunda, hakuna mtoto aliyeitwa mara mbili kwenda kutazama televisheni kwa Maman Zawadi, jirani wa pekee aliyekuwa nayo. Tulibanana sakafuni, vidole vingali vikinukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, tukiwangoja wachezeshaji wa kipindi cha vikaragosi: mume na mke waliojificha nyuma ya pazia la kitenge na kuitia uhai soksi kuukuu yenye macho ya vifungo. Soksi hiyo tuliiita Papa Soseti, yaani Baba Soksi.

Watoto wa leo, ambao katuni zao hurukaruka kama bisi kikaangoni, wangeidharau kazi ile. Hawajui kwamba sanaa yake kuu ilikuwa kunyamaza. Papa Soseti alisema, "Jambo yenu!" kisha akainamisha kichwa, akasubiri. Alisubiri mpaka nyumba nzima iitikie, "Jambo sana, Papa!" Koko, mama mzazi wa baba yangu, aliitikia kwa sauti kutushinda sote, kisha akamgeukia kaka yangu aliyekuwa akicheka: "Weye! Mugeni anakusalimiya, unamuchekeya? Njo adabu gani iyo?"

Papa Soseti akiuliza ni nani hajanawa mikono, sote tulikimbilia beseni. Baba alikuwa amelihubiri jambo hilohilo mezani kila siku, pasipo faida. "Basi ile soseti iwalishe!" alinung'unika.

Wivu ule wa baba nimeurithi mimi. Nimefundisha maadili ujana wangu wote, nimesoma vitabu vya kujaza chumba, lakini sijapata kuona neno langu moja likimwinua mtoto kitini. Nawaonea kijicho wawili wale wa nyuma ya pazia. Hawakukemea, hawakuonyesha hata nyuso zao, na bado walitulea kuliko wengi waliotuchapa. Nani aliwapa kipawa hicho, na kwa nini mimi nikanyimwa?

Jumapili iliyopita binti yangu Neema, anayejiandaa kwenda kusoma mbali, alikuwa ameinamia simu yake sebuleni. Nilitaka asiondoke kwetu bila kubeba walau neno langu moja. Nikajaribu sanaa ile ya Papa Soseti. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Jambo, Neema," nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka shingo ikauma. Hatimaye akainua macho.

"Papa, umekwama sawa na video?"

"Niko nangoja unijibu."

"Jambo, Papa. Lakini sogea kidogo, uko naziba rezo."

Nikasogea ili simu yake ipate mtandao. Hapo kale soksi iliyojazwa mkono wa mtu ilitosha kuutawala mtaa. Leo baba mzima, mikono yake miwili mitupu, hajui avae nini ili mwanawe amtazame.