Kioo cha Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyekivunja. Nalisema mwenyewe mapema, maana watu wa mtaa wetu wa Chikongola hawana dogo, na mkilisikia kwao mtalisikia limetiwa chumvi. Nilikivunja kwa mchi wangu, mchana kweupe, na watu wakanishangilia. Naitwa Mwanakombo, Mama Iddi, na huyu ninayetaka kuwasimulia ni jirani yangu Chande, fundi vioo, mtu niliyemtukana hadharani naye asinirudishie hata neno.

Chande alizaliwa Mikindani, akaja Mtwara mjini kujifunza kazi kwenye duka la fremu za picha. Nilipomfahamu mimi alikuwa na kibanda chake: vioo vya kabati, vya vinyozi, fremu za picha za harusi. Kikatio chake, ile almasi ndogo ya kukatia vioo, alikining'iniza shingoni kwa uzi kama hirizi. Akianza kukata anabana pumzi, na wewe mteja anakutaka ubane yako. Mpole mpaka anaudhi! Ukimwambia kofia yake imechakaa, anakushukuru.

Mkewe, Mwaisha, ndiye aliyekuwa na mdomo wa nyumba nzima. Alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi, na hapiti mtu pale bila kupewa lake. Nani kavaa kanzu ya kuazima, nani kanuniwa na mkewe, yote anayo. Alikuwa shoga yangu. Tulichezwa unyago mwaka mmoja, kwa kungwi mmoja, na tulipoolewa tukaangukia nyumba za kupakana. Mimi nikikuna nazi mlangoni kwangu, yeye ananipigia kelele kutoka barazani kwake: “Mwanakombo! Nazi hiyo unaikuna au unaibembeleza?”

Wiki mbili baada ya Idi, mwanzo wa mwaka 1969, Mwaisha akapooza. Upande mzima wa kulia ulikufa, na mdomo ukaenda kombo. Nilikwenda siku ya kwanza. Nikamwona mate yanamtoka, anataka kuniambia kitu na hakitoki. Nikamwambia nina chungu cha uji motoni, nikatoka mbio. Sikuwa na chungu chochote motoni. Niliogopa, basi. Kesho yake nikasema nitakwenda kesho, na kesho ile ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na ulipofika mwezi nikaona haya. Ningeingia na uso gani?

Habari zake nilizipata kwa Felista, muuguzi wa zahanati ya Chuno, aliyekuwa akija kumwogesha kila atokapo kazini. Felista alisema Mwaisha anakataa chakula. Chumbani kwake kuna dirisha moja la mtaani, na dirisha lile linatazamana na ghala la korosho: ukuta mrefu, mtupu, hauna hata tundu. Mwanamke aliyezoea kuona mtaa mzima analala anatazama chokaa. Kila akiletewa kijiko anageuza uso.

Ndipo Chande akabeba ngazi.

Alianza na kipande kimoja cha kioo cha kabati. Akakipigilia kwenye ukuta wa ghala, akakiinamisha kidogo upande, akarudi ndani kulaza kichwa kwenye mto wa mkewe, akatoka tena, akakigeuza. Siku ya pili Mwaisha akapewa kijiko na kikombe cha bati. Akigonga mara moja, kioo kiende kushoto. Mara mbili, kulia. Kikikaa sawa, anagonga mfululizo mpaka mtaa mzima unasikia. Kioo cha kwanza kilimletea bomba la maji. Cha pili kikamletea kona ya msikiti, cha tatu kibaraza cha Danieli, fundi cherehani. Kila kimoja Chande alikikata kwa umbo lake, akakizungushia udongo mwekundu na chokaa, ukuta ukapendeza hata watu wa mtaa wa Likombe wakawa wanapitia kuutazama.

Watu nao, basi tena! Danieli alisogeza cherehani yake hatua mbili ili aingie kwenye kioo mzimamzima, akaanza kuvaa shati safi. Wanawake wa bombani wakijaza ndoo wanageukia ukutani na kupunga mkono. Mwaisha akaanza kunywa uji. Vioo vilifika kumi, na mimi nikavikwepa vyote kwa kuzungukia nyuma ya nyumba. Nilijua vile vioo vina macho yake.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Chande akapigilia cha kumi na moja, juu kabisa, mwisho wa ukuta. Ua wangu wa makuti mvua zilikuwa zimeuangusha upande wa mtaani, na mume wangu Selemani alikuwa akiahidi kuuinua tangu hapo. Basi nikatoka kuoga, khanga moja kifuani, maji yananichuruzika. Nikainua uso. Ndani ya kioo kile nikaona dirisha la chumbani kwa Chande, na dirishani kofia ya Chande, na chini ya kofia macho ya Chande yananitazama mimi!

Lo! Nilipandwa na mori. Nilijifunga khanga ya pili, nikashika mchi, nikatoka mtaani nikipiga yowe. “Njooni muone mtu mzima hana haya! Anajifanya anamuuguza mkewe, kumbe anachungulia wake za watu!” Watu wakajaa. Nikauinua mchi juu, nikakipiga kioo. Vigae vikamwagika mpaka miguuni pa Chande, ambaye alikuwa ametoka, kofia mkononi. Danieli alisema, “Jitetee basi, bwana.” Chande akanitazama, akawatazama watu, akafungua mdomo, akaufumba.

“Nisamehe, shemeji,” akasema. Akachutama, akaanza kuokota vigae.

Tangu siku ile watu wakaacha kumpelekea kazi. Siku ya nne Felista alisimama uani kwangu hata hodi hakupiga vizuri. “Mama Iddi, mgonjwa wangu hali. Tangu ulipopiga kile kioo hajaonja kitu. Njoo umwone kabla sijaja kukuita kwa kitu kingine.”

Nikaenda. Chande akanipisha mlangoni. Mwaisha alikuwa amebaki macho tu. Sikuthubutu kumtazama, nikatazama alikotazama yeye: bomba, kona, cherehani ya Danieli, vyote vinang'aa ukutani, na mwisho kabisa, juu, msumari mtupu.

“Pale ulikuwa unaona nini?” nikamuuliza, kwa sababu lazima niseme kitu.

Mwaisha akautoa mkono wake mzima chini ya shuka, taratibu, akaninyooshea kidole.

Sikuelewa mara moja. Felista ndiye aliyenieleza: Mwaisha ndiye aliyekiomba, kwa kijiko na kikombe, siku mbili nzima, apate mlango wangu ninapokaa kukuna nazi. Chande alikuwa amelaza kichwa kwenye mto wa mkewe kuhakikisha, akainuka, na mimi nikatokea na khanga yangu. Na mbele ya mtaa mzima angeweza kusema: mke wangu anamtafuta shoga yake ambaye miezi saba hajaja kumtazama. Neno hilo moja lingenimaliza. Alilimeza, akakubali aitwe mchunguliaji. Niliona haya, wallahi, nikatamani ardhi inimeze.

Nyumbani nilikuwa na kioo cha harusi yangu, cha fremu ya mninga. Nikakitoa ukutani, nikakibeba kichwani mtaa mzima unione, nikampa Chande. “Kipigilie pale pale,” nikamwambia kwa sauti ya kusikika, “mimi ndiye mwenye makosa, na asiyesikia aje nimrudie.” Kisha nikaenda mlangoni kwangu nikakalia mbuzi, nikaanza kukuna nazi. Chande juu ya ngazi, amebana pumzi. Kijiko kikagonga: moja. Moja tena. Mbili. Halafu kikombe kikalia mfululizo.

Nikainua uso. Felista alikuwa amekisogeza kitanda dirishani. Mwaisha alikuwa ndani ya kioo changu, mdomo wake kombo, ananitazama. Akaupeleka mkono mdomoni. Anataka kula!

Nilipika uji kwa tui la nazi ile ile, nikaupeleka mwenyewe, unachemka. Toka mlangoni kwangu mpaka kitandani kwake si hatua ishirini. Nikampa kijiko cha kwanza, akameza. Cha pili, akameza. Cha tatu akakizuia kwa mkono, akahangaika na ulimi wake mpaka jasho likamtoka, Chande kabana pumzi pale mlangoni.

“Uji,” akasema Mwaisha, “miezi... saba?”