Sindano Tumboni mwa Kambare

Siku baba alipopotea, baiskeli yake ilikutwa kando ya bwawa. Juu ya tandiko, koti lake la kiwandani lilikuwa limekunjwa vizuri.

Mtu anakunja koti, halafu anazama? Hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, mimi kidato cha pili. Kiwanda alichoshonea viatu baba yangu, Kasiani, kilikuwa kimefungwa. Akawa mvuvi. Mama akakaanga kambare na kuuza gengeni Bigwa.

Ndoano baba alijitengenezea mwenyewe: sindano nene ya viatu, kaikunja motoni, kaifunga uzi wa nta. Chambo chake kilikuwa kipande cha sabuni ya mche.

"Kambare akinusa sabuni, akili yote inamtoka," alikuwa akisema.

Wavuvi walimtafuta siku tatu. Hawakupata kitu.

Basi watu wakagoma kula samaki. Kila mtu anajua kambare hachagui. Chura, konokono, pumba, mzoga, hata kambare mwenzake, vyote kwake ni chakula. Sasa nani ale samaki aliyemla jirani yake?

"Mama Ana, huyu wako kanona kweli," kijana mmoja pale gengeni alimtania mama. "Kamla nani?"

Mama akajitwika beseni lake, akarudi nyumbani. Hakulia.

Jioni akaja Mzee Stambuli, mkubwa wa wavuvi.

"Shemeji, sema tu Kasiani kasafiri. Watoto wetu wanalala njaa."

"Nikisema kasafiri, nani atamsomea misa? Nataka hata kidole, shemeji. Hata kifungo cha shati. Nizike."

Stambuli aliinuka.

"Haya. Kila kambare mkubwa tutakayemvua, tutakuletea umpasue."

Wakaleta kweli. Kila nikitoka shule, mama anapasua, mimi nashika bakuli. Tulikuta wadudu wa majini, mbegu za mapera, vyura wazima wawili, mfupa wa kuku. Kisu kikigonga kitu kigumu, mama anafumba macho.

"Tazama wewe, Ana."

"Ni konokono, mama."

"Una hakika?"

"Konokono tu."

Wiki tano zilipita hivyo.

Ndipo Mikidadi, mchuuzi, akaleta kambare wa lambo moja la kule Ngerengere, aliyevuliwa alfajiri ile. Samaki huyo, wa mbali na bwawa letu, hakuwa na kesi na mtu. Mama alimnunua ili amuuze, lakini mkono ukampasua tumbo kwa mazoea.

Ndani mlikuwa na sindano iliyokunjwa. Uzi wa nta, umekatika. Na kipande cha sabuni, kona zake bado kali.

"Ndiye huyu, mama! Ndiye aliyemla baba!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Mama aliinusa ile sabuni. Akakaa chini, sakafuni.

"Ana, sabuni inakaa majini siku ngapi?"

Hata siku moja haimalizi.

"Baba yako katega jana," akasema.

Kesho yake alivaa kitenge cha kanisani, akaenda kusimama katikati ya genge.

"Mume wangu hakuzama. Kanikimbia. Yuko Ngerengere. Kuleni samaki."

Wapo waliocheka. Mama angeweza kunyamaza, akabaki mjane wa kuhurumiwa. Mzee Stambuli, mvuvi mzima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua kambare siku ile.

Baba hakurudi. Mama hakumfuata. Nadhani tangu kiwanda kifungwe ilimshinda baba kulishwa na mkewe, akaona afadhali tudhani amekufa. Ndugu yangu unayesoma, ukitaka kuondoka, aga. Hata kwa ugomvi, aga. Usimwachie mtu kazi ya kukutafuta matumboni mwa samaki.

Mama alifariki Februari mwaka huu.

Kambare nauza mimi sasa, palepale Bigwa, na kila mmoja nampasua tumbo mbele ya mteja.