Julai ya Kijijini kwa Dada

Kwa mama yangu, mwezi wa saba ni mwezi wa baridi, na hilo halina mjadala. Amezaliwa Limuru na kuzeekea Limuru, ambako Julai ukungu hauondoki mpaka saa tano asubuhi na hata mbuzi hukataa kutoka nje. Kwa hiyo alipokuja kukaa nami hapa Handsworth, Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa Juni, nikamweleza kwamba Julai ndiyo kiangazi, alinitazama kwa huruma. Julai ikaja na manyunyu, watu wa Soho Road wakatembea na makoti, naye akawa anapita sebuleni akisema, "Si nilisema?"

Basi tukaenda kumtembelea dada yangu mkubwa, aliyeolewa Ufaransa katika kijiji kidogo cha milimani chenye kanisa, duka la mikate linalofunguliwa linapojisikia, na ng'ombe wengi kuliko watu. Tulikuta joto la digrii thelathini na sita. Mchana wanakijiji hufunga mbao za madirisha na kulala, barabara ikabaki ya paka. Mama alikaa uani, akavua soksi, akanyoosha miguu. Magoti yaliyomsumbua miaka mingi yakatulia. Jioni akapiga hesabu yake: kama huu ndio mwezi wao wa baridi, Januari huku kutakuwaje?

"Mum, hii ni summer yao," nikamwambia. "Januari hapa kuna snow."

"Unasema hivyo kwa sababu hutaki nikae kwa dadako."

Hapo alinibana. Kweli sikutaka. Nilimtaka nyumbani kwangu, nimkute nikitoka zamu hospitalini, awasemeshe watoto wangu Kiswahili hata kama wanamjibu kwa Kiingereza. Lakini theluji nayo ilikuwa kweli tupu, ila ilisemwa na mtu mwenye wivu, kwa hiyo haikuaminika. Nikamgeukia dada anisaidie. Akajifanya anakagua nyanya zake bustanini. "Hali ya hewa ya hapa ni nzuri tu, Mum," akasema. Mnafiki mkubwa!

Novemba, Birmingham ilipoanza kuganda, Mama akafungasha ili akimbilie kwenye joto kwa dada. Magauni mepesi, leso, ndara. Nilichomeka sweta sandukuni, chini kabisa, akaitoa. Nikairudisha, akaitoa tena. Uwanja wa ndege nilimkumbatia nimenuna, ingawa moyoni nilijua theluji itanifanyia kazi yangu.

Kuanzia hapo nikawa mfuatiliaji wa hali ya hewa ya kijiji ambacho watabiri wenyewe hawana habari nacho. Wenzangu kazini wakichungulia simu kutafuta matokeo ya mpira, mimi nilitafuta digrii. Sita. Mbili. Siku iliyofika sufuri nilipika chapati kwa furaha. Januari ikashuka hadi tisa chini ya sufuri, bomba la uani kwa dada likapasuka na barabara ikafungwa na theluji. Nikapiga simu ya video nikiwa nimeshatafuta ndege ya kumrudisha.

Mama alitokea amevaa koti la mkwe wake, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, nyuma yake moto unawaka.

"Mum, si nilikwambia?"

"Uliniambia. Hii baridi ni ya wazimu. Maziwa yameganda hapo mlangoni!" Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi rudi. Huku nyumba yote ina heating, hadi chooni."

Akageuka kutazama moto, kisha akanirudia.

"Hapa jiko la kuni ni moja tu. Dadako, bwanake, watoto, mbwa, sote tuko kwa chumba hiki. Wananifunza karata na wananiibia. Kwako kila chumba kina joto lake, na kila mtu ako kwa chumba chake. Huko nilikuwa naota moto peke yangu."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Baada ya simu nilikaa jikoni. Nyumba ilikuwa na joto zuri kabisa, na juu milango yote ilikuwa imefungwa. Nikajiuliza Mama alikuwa akiongea na nani jioni zote zile.

Jumamosi nilipanda ngazi nikazima hita zote za juu. Haikuchukua muda watoto wakashuka, wote watatu.

"Mum, it's freezing up there!"

"Najua. Songeeni."

Tukabanana kwenye kochi moja chini ya mablanketi. Walinuna, wakasukumana, mwishowe wakaanza kucheka kitu ambacho sikukielewa. Nikapiga picha nikamtumia Mama bila neno lolote.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti, mbwa akibweka nyuma yake. "Waambie wasonge tena kidogo. Mimi nitakaa wapi hapo?"