Miadi ya Goti la Mama

Goti la mama lilipovimba msimu wa mvua, nilimpakia kwenye bajaji nikampeleka zahanati iliyo karibu na kwetu Mtendeni. Mama ameuza asali sokoni miaka mingi na hana mazoea ya kuomba nafasi kwa mtu. Kwake yeye, mgonjwa anafika, anasalimia, anakaa, anatibiwa.

Siku hiyo tulikuta utaratibu mpya. Foleni imefutwa, tuliambiwa. Mgonjwa anapiga simu kwanza, anapewa miadi, ndipo anakuja. Namba ilibandikwa ukutani, pembeni ya dirisha la mapokezi, na nyuma ya dirisha alikaa muuguzi ameshika hiyo simu.

"Dada, tunaomba miadi," nilimwambia.

"Pigeni simu."

"Si nipo hapa mbele yako?"

"Ndiyo, lakini nikitoa miadi kwa mdomo nitaambiwa nimerudisha foleni."

Nikageuka. Watu walikuwa wamesimama kwenye mstari, kila mmoja na simu sikioni, wote wanampigia yeye. Namba ilikuwa inatumika muda wote. Mzee mmoja aliyetoka Lusu, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, aliniambia kwa uchungu, "Mimi nilimpata. Nikaanza kujieleza, mtandao ukakata."

Mle ndani mtandao ulikuwa wa kusuasua kweli, hivyo muuguzi akatoka kwenda kusimama nje, karibu na tangi la maji. Foleni iliyofutwa ikamfuata. Mama naye akachechemea nyuma yao huku akinishika bega. Hatimaye simu niliyokuwa nikipiga ikapokelewa, nikampa mama.

"Shikamoo mama," muuguzi alisema.

"Marahaba mwanangu. Mbona umenipa mgongo? Geuka tuongee."

Aligeuka. Wakatazamana, kila mmoja na simu yake sikioni.

"Unasumbuliwa na nini, mama?"

"Goti. Hili hapa." Mama akapandisha kanga akamwonyesha.

"Pole sana. Nimekupangia Alhamisi."

Wakati huo daktari akatokeza mlangoni, anajinyoosha kama mtu aliyetoka kusinzia. "Jamani, leo hakuna wagonjwa?" Kisha akatuona tumejazana kwenye tangi.

"Wapo, daktari," muuguzi alijibu, "lakini wote ni wa Alhamisi."

Daktari alikuja akamshika mama mkono, akamwingiza ndani, akalipima goti na kumpa dawa ya kumeza na ya kuchua. Wengine wakaingia mmoja mmoja baada yetu, akiwamo yule mzee wa Lusu.

Alhamisi asubuhi mama alikuwa uani anachambua mchele, simu ikaita. Alikuwa muuguzi.

"Mama, miadi yako ni leo."

"Mbona nimeshapona, mwanangu?"

"Najua, mama. Lakini usipokuja itaonekana umekosa miadi, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nilidhani atacheka. Akanawa mikono, akavaa baibui lake zuri na kunituma nikaite bajaji. Haiwezekani, alisema, mtoto wa watu aumbuke kwa ajili ya goti lake.

"Unaumwa nini leo, mama?" daktari alimuuliza.

"Sijambo kabisa. Nimekuja kwenye miadi."

Daktari alikuna kichwa. Kwa kuwa hakuona vyema kumrudisha hivi hivi, akampima presha. Ilikuwa juu mno, na siku hiyo hiyo akaanzishiwa dawa ambazo anazimeza mpaka leo.

Njia nzima mama alikuwa amenuna.

"Nimekwenda mzima," alisema, "nimerudi mgonjwa."