Ukurasa Niliousafiria Hadi Barumbu

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Nchi ilikuwa Zaire, walimu walivaa suti za abacost bila tai, na sote tuliitana citoyen, yaani raia. Nilikuwa mwanafunzi hapa Kisangani, nimepanga chumba mtaa wa Kabondo. Kazi yangu ya kumaliza masomo, mémoire, ilihusu biashara ya samaki ya Barumbu, na nilikuwa nimeiandika kwa vitabu na maneno ya wachuuzi wa mjini tu. Nilibakiza kuitetea mbele ya walimu.

Profesa wangu, mzee mkavu asiyecheka, aliweka kidole pale nilipotaja kitabu cha padri mmoja wa zamani.

"Citoyen, kitabu hii uliiona na macho yako?"

"Hapana, Profesa. Niliikuta katika mémoire ya mwenzetu aliyetutangulia."

"Bon. Alors shahidi wako ni yeye, si padri. Enda uitafute. Bila ile, hautatetea."

Mji mzima haukuwa na kitabu hicho! Nikaambiwa nakala moja imebaki kwa padri mwingine, mzee, kule kule Barumbu. Basi wenzangu wakishonesha nguo za sherehe, mimi nilishuka mto kwa mtumbwi wa mota, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, mvua inanichapa, namtukana Profesa moyoni. Yote kwa mstari mmoja!

Mwenzetu alikuwa amenukuu hivi: "Wanawake wa mto huu hawana nyavu zao, huuza tu samaki wa waume zao." Nami nikajenga sura nzima juu yake. Nilipofungua kitabu, sentensi ilianza: "Wafanyabiashara wa mjini hudai kwamba..." Na iliyofuata ilisema padri aliona kinyume kabisa: wanawake wana nyavu zao, na faida ni yao. Mwenzetu alikata kichwa na mkia, nami nikameza kipande cha katikati bila kuuliza.

Sura ile niliitupa. Nilibaki Barumbu nikiwauliza akina mama wenyewe, nikarudi mjini wenzangu wamekwisha kutetea. Papa yangu alikasirikia mwaka uliopotea, hakunisemesha mpaka nilipotetea mwaka uliofuata.

Na leo wewe unaniletea mémoire yako imejaa "inasemekana" na "watafiti wanasema". Watafiti gani? Hawakupewa majina na mama zao? Usiniambie lisemwalo lipo. Liko ukurasa gani? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu.

Ukisoma neno, andika palepale nani kalisema, katika kitabu gani, ukurasa gani, kabla hujakifunga. Ukilipata kwa mkono wa mtu wa pili, mtaje huyo wa pili, usijifanye ulifika kwa wa kwanza. Na mama aliyeacha meza yake ya sokoni akujibu maswali, akikuruhusu, mtaje kwa heshima ileile unayompa daktari wa Ulaya. Usiseme "mmoja wa wauzaji", kama kwamba alikuwa gunia.

Haya, chukua karatasi zako ukaanze upya. Mungu akupe macho yasiyochoka kusoma, na akulinde usimsingizie mtu, hai wala marehemu, neno ambalo hakulisema.